Ndoa ya Seretse Khama haikuwa siri ya chumbani

Kila inapotoka filamu kuhusu kiongozi na mkewe, manung'uniko huwa yaleyale: mambo ya unyumba ya mkubwa yanatuhusu nini? Mara nyingi manung'uniko hayo yana haki. Kwa A United Kingdom, filamu ya Amma Asante ya mwaka 2016, hayana, kwa sababu serikali ya Uingereza ndiyo iliyotangulia kuingia chumbani kwa Seretse Khama. Seretse, mrithi wa uchifu wa Bamangwato huko Bechuanaland, ambayo leo ni Botswana, alimwoa karani wa London, Ruth Williams, Septemba 1948. Mwaka uliofuata Afrika Kusini ikapiga marufuku ndoa za Wazungu na wasio Wazungu, na haikuwa tayari kuona chifu mweusi mwenye mke mweupe akitawala ng'ambo tu ya mpaka wake. Serikali ya Waziri Mkuu wa Uingereza, Attlee, iliyohitaji dhahabu na urani kutoka Afrika Kusini, ikaunda tume. Tume ikakiri kwamba Seretse anafaa, kisha ikashauri asitambuliwe kwa kuwahofia majirani. Ripoti ikafichwa. Mwaka 1950 Seretse akaitwa London kwa mazungumzo, akazuiwa kurudi kwao, huku Ruth akiwa na mimba kubwa Serowe, makao makuu ya Bamangwato. Siasa hapo inaishia wapi na unyumba unaanzia wapi?

Ninakolaumu mimi ni kwingine. Filamu inamtwika lawama ofisa mmoja wa kubuni, Sir Alistair Canning, mwenye tabasamu la dharau, mtu rahisi kuchukiwa. Watetezi watasema sinema si kitabu cha historia na mtunzi hana budi kufupisha. Sawa, afupishe, lakini asibadili mwenye kosa. Uamuzi ule ulipitishwa na baraza la mawaziri la Attlee, la chama cha Labour, na mwaka 1952 serikali ya Churchill ikaufanya wa kudumu. Waliotia saini walikuwa waungwana wenye hoja zilizopangwa vizuri, na hilo linatisha kuliko tabasamu la Canning. Hata almasi zinaingizwa kwenye mvutano wa miaka ya 1950, ilhali almasi za Orapa ziligunduliwa 1967, Botswana ikiwa imekwisha kujitawala.

Aliyepunjwa zaidi ni Tshekedi, baba mdogo aliyemlea Seretse na kumshikia uchifu. Kwake ndoa ya chifu ilikuwa mali ya watu wote, na kuifunga ugenini bila baraza kuulizwa kulikuwa kuwapora. Hoja hiyo ilijadiliwa hadharani Serowe, tena na tena, mpaka Juni 1949 umati ukamkubali Seretse pamoja na mkewe. Kwenye baraza ndipo David Oyelowo, anayemwigiza Seretse, anapoigiza vizuri kuliko kwingine kote, lakini Tshekedi amepewa hasira tu, hakupewa hoja. Mwaka 1956 wawili hao walipatana, wote wakaukana uchifu. Filamu nzima ingeweza kujengwa juu ya mapatano hayo, bila Mwingereza hata mmoja.