Samaki wa Beta Katika Baridi ya Meru na Embu



Jamaa zetu wa pwani waliohamia Meru na Embu kwa kazi, biashara au masomo wamo pia katika mapenzi haya ya kufuga samaki wa mapambo ndani ya nyumba. Anayewavutia watoto kuliko wote ni beta, samaki mdogo mwenye mapezi marefu kama pazia la hariri. Wiki hii tumeona tumzungumzie yeye, hasa anapowekwa tangi moja na samaki wengine. Mambo mawili humwangamiza upesi huko bara: maji baridi na majirani wasiomfaa. Yote mawili huamuliwa na mwenye nyumba, kwani kiumbe aliyefungiwa ndani ya kioo hana pa kukimbilia.

Asili ya beta ni Thailand, katika vidimbwi, mifereji na mashamba ya mpunga, ambako maji ni ya uvuguvugu na hayana mkondo mkali. Mtaalamu Mwingereza Charles Tate Regan ndiye aliyempa jina la kisayansi Betta splendens mwaka 1910. Na mwaka 2019 serikali ya Thailand ilimtangaza kuwa mnyama wa majini wa taifa. Mwenyezi Mungu amemjaalia kiungo cha ziada kichwani kinachomwezesha kuvuta hewa juu ya maji. Kwa sababu hiyo wauzaji humweka katika gilasi au chupa, na wanunuzi hudhani kuwa hayo ndiyo makao yake. Uwezo huo humwokoa maji yanapopungukiwa na oksijeni. Haumkingi na uchafu wala na baridi.

Maji yanayomfaa yana joto la nyuzi 24 hadi 28 za Selsiasi. Mombasa, joto la chumba peke yake hukaribia kumtosheleza. Lakini miji ya Meru na Embu ipo kwenye miteremko ya Mlima Kenya, zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti ukungu na baridi ya usiku huingia hadi vyumbani. Mwili wa samaki hufuata joto la maji. Yakipoa, chakula hakisagiki vyema tumboni, nguvu ya kupambana na maradhi hupungua, naye hulala chini ya tangi akiwa amekunja mapezi. Mwenye kumfuga huko hana budi kuwa na kifaa cha umeme cha kupasha maji joto: kwa tangi la lita 40, chenye wati 50 hufaa, na nyumba ikiwa baridi sana, zaidi ya hapo. Kipimajoto kisomwe alfajiri, saa ambayo baridi imeshika. Umeme ukikatika, lizungushieni tangi blanketi, kisha eleeni juu ya maji chupa ya maji ya moto iliyofungwa barabara. Msimimine maji ya moto ndani ya tangi.

Tangi liwe na kifuniko chenye matundu, ili hewa anayoivuta juu ya maji nayo iwe na uvuguvugu. Na kwa kuwa huvuta hewa ileile tunayoivuta sisi, dawa ya mbu isipulizwe chumbani humo, na chetezo cha udi kiwekwe mbali naye.

Ama kuhusu majirani, sharti la kwanza ni dume mmoja tu katika tangi. Madume wawili hupigana mpaka kujeruhiana vibaya, na hata jike huandamwa bila ya kupumzika. Asichanganywe na gapi, kwani mikia yao mirefu humfanya awadhanie mahasimu. Wala na samaki wanaodonoa mapezi ya wenzao. Samaki wa dhahabu hupenda maji baridi zaidi na huyachafua upesi. Furu wa maziwa yetu makuu ni wakali na wakubwa kwake. Wanaoelekeana naye ni samaki wadogo wapole: kambare wadogo wa Amerika ya Kusini wanaokaa chini ya tangi, sita au zaidi kwa pamoja, na hata konokono. Beta aingizwe mwisho, baada ya wenzake kuzoea, ili asilihesabu tangi zima kuwa milki yake. Wekeni mimea na mapango ya kujifichia, muwe na chombo kingine tayari, kwani tabia zao hutofautiana. Wapo wasiovumilia jirani yeyote.

Tangi jipya huhitaji wiki nne hadi sita kabla ya bakteria wenye manufaa kuongezeka kiasi cha kuigeuza amonia, sumu itokayo kwenye kinyesi na mabaki ya chakula. Kila wiki badilisheni robo ya maji kwa maji yenye joto lilelile, yaliyoondolewa klorini kwa dawa yake. Sifongo la kichujio lioshwe kwa maji yaliyotolewa tangini, maana klorini ya bomba huwaua bakteria hao. Chakula kiwe kidogo, tembe mbili au tatu asubuhi na jioni; viluwiluwi vya mbu kutoka maji safi ya mvua ni karamu kwake. Na mnaposafiri kutoka pwani, chukueni majani makavu ya mkungu. Wafugaji wengi huyatia tangini, yakayapa maji rangi ya chai na kuyakaribisha na hali ya maji ya kwao.

Mkichoka kumfuga, mpeni mtu atakayemtunza. Msimtupe mtoni kwa kudhani mnamwachia huru: huko ama baridi itamuua, ama atawapelekea samaki wa mto maradhi ya tangini. Kamba wa Louisiana walioingizwa katika Ziwa Naivasha mwaka 1970 walisaidia kuiangamiza mimea ya majini, na hadi leo wamo. Mito ya Kathita na Rupingazi haiishii bara. Maji yake huungana na Tana, nayo Tana hutufikia sisi wa pwani.

Kabla ya kumnunulia mtoto beta, basi, nunueni kwanza kipimajoto, mkiweke ndani ya maji usiku mmoja wa Julai. Kikisoma nyuzi 18 alfajiri, mmekwisha kujua ni nini kinachohitajika kabla ya samaki kuingia. Mtoto naye afundishwe kukisoma kila asubuhi, apate kujua kuwa amekabidhiwa amana.