Kulia si Kushoto

Mvuvi wa Chovai, katika visiwa vya Bajuni, hahitaji kufundishwa jambo hili. Kamba iliyosokotwa kwa upande wa kulia, uigeuze ncha hii ama ile, itabaki ya kulia. Ni kioo tu kitakachoionyesha ya kushoto. Sisi tulilijua kwa shida zaidi, katika gwaride la chuo cha kadeti, ambako aliyegeuka kushoto kwa amri ya kulia alikimbizwa kiwanja kizima.

Molekuli nyingi zina tabia ya kamba hiyo. Huwa na mapacha wawili, wenye atomi zile zile zilizoungana kwa mpango ule ule, ila mmoja ni sura ya mwenziwe katika kioo. Mwilini hawafanyi kazi moja. Chukua prazikwanteli, dawa ya kichocho, ugonjwa uliowasumbua watoto wa bonde la Juba, Unguja na Pemba. Kidonge chake cha kawaida kina mapacha wote wawili, nusu kwa nusu. Mmoja ndiye auaye minyoo. Wa pili huongeza ukubwa wa kidonge na uchungu wake. Kwa miongo kadhaa watoto wachanga waliachwa nyuma, maana kidonge hicho hakikuwafaa. Ndipo ikaundwa arprazikwanteli, yenye pacha mmoja tu, ikajaribiwa Kenya na Kodivaa, na Desemba 2023 ikaungwa mkono na wakala wa dawa wa Ulaya.

Hapana shaka msomaji atauliza: mapacha hao hutambulikanaje? Njia mojawapo ni mwanga. Atomi hutetemeka daima, na mwanga ujizungushao kulia humezwa na mitetemo hiyo kwa kiasi tofauti na ule ujizungushao kushoto. Tofauti yenyewe ni ndogo mno, takriban sehemu moja katika elfu kumi au chini yake, na ilipimwa kwanza katika miaka ya 1970. Lakini kipimo peke yake hakisemi yupi ni yupi. Sharti mitetemo ya pacha mmoja ikokotolewe kwa nadharia, kisha mchoro wa hesabu ulinganishwe na mchoro wa mashine. Philip Stephens alieleza nadharia ya hesabu hiyo mwaka 1985. Leo hesabu za namna hii hutumika hata kwa mirija midogo ya kaboni, iliyoelezwa na Sumio Iijima mwaka 1991, ambayo yaweza kuwa imekunjwa mshazari, kulia au kushoto, mithili ya mkeka.

Wako wasemao kwamba nadharia ni anasa ya mataifa tajiri. Hatukubaliani nao hata kidogo. Mashine ya kupimia ndiyo ghali. Programu ya Dalton, iliyoundwa na wanasayansi wa nchi za Skandinavia, hupatikana bila malipo, nayo huikokotoa mitetemo hiyo. Mwaka 2012 vijana wa Afrika walikusanyika Eldoret, Kenya, kujifunza hesabu za elektroni. Twataka kila chuo kikuu cha pwani hii kitenge chumba kimoja, kompyuta kumi, na mwalimu mmoja azijuaye hesabu hizo, wala kisingoje mfadhili.