Bahari Iwe Madrasa ya Vijana

Wenzetu wa Omani, ambao pepo za kaskazi na kusi zimetuunga nao kwa karne nyingi, wanayo merikebu ya milingoti mitatu, Shabab Oman II, iliyoanza kazi mwaka 2014, ambamo vijana, baada ya kushika zamu ya usiku wa manane na kusugua sitaha alfajiri, hupanda hadi kwenye foromali, mkono mmoja ukishika kamba na wa pili ukikunja tanga zito lililolowa. Huko juu hakuna mwana wa tajiri wala wa fakiri. Azembeaye fundo humhatarisha mwenziwe, na hivyo utiifu na subira hufunzwa kwa vitendo. Nasi, wenye mwambao na manahodha hodari, yatupasa, bila taksiri, kuwaundia vijana wetu jahazi la mafunzo, kwani elimu ya bahari isiporithishwa hutoweka.