Breki Kwanza, Rangi Baadaye

Mama mmoja alinisimamisha sokoni baada ya kusoma ukurasa huu mwezi uliopita. "Dada," akaniambia, "wewe kila siku unatufundisha kubana matumizi. Mbona nasikia umetoa fedha ya upatu kutengeneza gari bovu?" Nilicheka, lakini swali lake lilikuwa la haki. Leo namjibu. Nawe usikilize, kwa maana huenda hata nyumbani kwenu kuna kitu cha zamani kinachosubiri uamuzi.

Gari lenyewe ni Toyota Starlet ya mwaka 1992, mali ya marehemu baba yangu. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro, na alilinunua likiwa limekwisha kutumika Japani. Ndilo lililonipeleka sekondari na sanduku langu, na ndilo lililonipeleka harusini. Baba alipofariki mwaka 2019, liliachwa chini ya mwembe pale nyumbani Bigwa. Matairi yakaisha upepo, kuku wakaanza kutaga kwenye kiti cha nyuma. Mwaka 2023 kaka zangu wakampata mnunuzi wa chuma chakavu.

Siku ya kikao Mama hakusema neno. Usiku nilipokwenda kumuaga akaniambia, "Mwanangu, si gari ninalolilia. Nazililia safari zangu za kliniki." Mama ana kisukari. Kila mwezi hupanda bodaboda kuteremka ule mteremko, na wakati wa masika uliopita alianguka nayo kwenye matope. Hakuvunjika, lakini tangu siku hiyo alikuwa ameruka kliniki mara mbili bila kutuambia.

Nikawaomba kaka zangu miezi mitatu. Kama gari halitatembea, waliuze.

Fedha niliyokuwa nayo ni shilingi 1,200,000, zamu yangu ya upatu, niliyokuwa nimeipangia kununua cherehani ya pili. Mume wangu alikubali kwa sharti moja: ada za watoto zisiguswe, na ikiisha hiyo, basi. Nikakubali. Sharti lile ndilo lililotuokoa, kama utakavyoona.

DAFTARI KABLA YA SPANA

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Gari la zamani ndilo shimo hasa la kupotezea mali, kwa sababu kila unapofungua boliti moja unakuta tatu zimeoza. Wengi huanza kwa kununua spea, kisha ndipo wanauliza gari lina ugonjwa gani. Sisi tulianza na karatasi tatu.

Kwanza, karatasi ya mali. Gari la marehemu si la yule anayelitengeneza. Kaka yangu mkubwa alikuwa amekwisha kuteuliwa na mahakama kuwa msimamizi wa mirathi, kwa hiyo tukakubaliana kwa maandishi, wote tukatia sahihi, kwamba gari litabaki kwa matumizi ya Mama. Dada yangu, usione aibu kuomba maandishi kwa ndugu zako. Aibu ni kugombana mahakamani baada ya fedha yako kuzama.

Pili, karatasi ya ugonjwa. Nilimtafuta fundi ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wa baba. Nikamlipa shilingi 20,000 akague tu, asifungue kitu. Alilala chini ya gari saa nzima, akiigonga sakafu na bisibisi. "Dada," akasema alipotoka, "gari dogo kama hili halina chasisi ya peke yake kama lori. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Kama kutu ingekuwa imekula pale miguu ya gari inaposhikwa, ningekwambia uza leo hii. Hapa imekula sakafu ya abiria tu. Hiyo tutaikata na kuchomelea bati." Msomaji, swali hilo la mifupa liulize kabla ya yote. Kuna gari ambalo halistahili fedha yako hata kama lina kumbukumbu nzuri.

Tatu, karatasi ya jina. Ndani ya boneti kuna kibati chenye namba za gari. Letu limeandikwa EP82. Fundi alinieleza kwamba herufi ya kwanza ni ukoo wa injini, ya pili inaonyesha ni Starlet, na namba ni ya toleo. Injini yake inaitwa 4E-FE, ya silinda nne, ujazo wa sentimita 1,331. Toyota walianza kutumia jina la Starlet mwaka 1973, wakaacha kuziunda mwaka 1999 Vitz ilipochukua nafasi yake. Ukimwambia muuza spea "nataka ya Starlet", anaweza kukupa ya toleo jingine. Ukimtajia EP82 na 4E-FE, anajua. Tena injini hiyo hiyo ilifungwa kwenye baadhi ya Corolla, kama EE101, na kwa sababu hiyo spea zake nyingi bado zinapatikana.

YALE YANAYOUA

Fundi alitaja makosa 23. Mimi nikayaandika katika safu tatu: yale yanayoua, yale yanayozuia gari kutembea au kuliharibu zaidi, na yale ya kupendeza macho. Breki, usukani, matairi na mikanda ya kufunga abiria viliingia safu ya kwanza. Rangi, kapeti na redio vikaingia ya tatu.

Hapo ndipo mimi na mwenzangu tulipokwaruzana. Mume wangu alitaka rangi ipigwe mapema. "Mama watoto," alisema, "gari lina mabaka kama chui. Ndugu zako watatucheka kwamba tumekula fedha bure." Nilimwelewa. Mwaka ule kazi yake ilikuwa imepungua, na mtu ambaye mfuko wake ni mwepesi huogopa kuchekwa kuliko kitu kingine chochote. Lakini fedha ya rangi ingemeza zaidi ya nusu ya bajeti yetu.

Fundi hakubishana naye. Alimwambia tu, "Shemeji, panda ukanyage breki, usiachie." Mume wangu akakanyaga. Pedali ikashika vizuri juu. Tukangoja. Kisha taratibu, mguu wake ukiwa umetulia tu, pedali ikaanza kuzama mpaka ikafika sakafuni. Hakuna aliyesema kitu. Sote tulikuwa tunautazama ule mteremko wa kwenda mjini.

Fundi akatueleza. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa kidogo kidogo. Gari likikaa miaka bila kubadilishwa mafuta, maji hayo huleta kutu ndani ya masta silinda, na mipira yake huchakaa. Breki inaweza kushika ukiikanyaga ghafla, halafu ikakusaliti ukiikanyaga muda mrefu, yaani mteremkoni. Aliyachovya mafuta yaliyokuwamo; yalikuwa meusi kama kahawa.

Jioni ile mume wangu alichukua daftari mwenyewe akaipigia mstari safu ya kwanza. "Tungepiga rangi," alisema, "tungekuwa na jeneza linalopendeza." Hatukugombana tena juu ya rangi.

KIPYA NA CHA MTUMBA

Fedha ikiwa kidogo, usinunue kila kitu kipya, wala usinunue kila kitu cha mtumba. Kanuni tuliyopewa ni hii: cha mpira na cha kusuguana nunua kipya, cha bati, cha kioo na cha plastiki unaweza kununua kilichotumika. Kwa hiyo pedi za breki, viatu vya breki vya nyuma, mipira ya kupitisha mafuta ya breki na mkanda wa taimingi vilikuwa vipya. Taa ya nyuma iliyovunjika na kioo cha pembeni tulivipata vya mtumba, na muuzaji alitupatia pamoja na spea nyingine bila kutuongezea bei.

Hata hivyo nami nilijikwaa. Nilipata pedi za bei nafuu mno, nikazinunua haraka bila kumwonyesha fundi. Boksi lilikuwa zuri kupita kiasi. Fundi alizikagua, akabonyeza ukingo kwa ukucha, ukamomonyoka. Shilingi 25,000 zikapotea. Tangu hapo hakuna spea iliyonunuliwa bila fundi kuishika mkononi kwanza.

Matairi nayo yalinifundisha. Yale ya zamani yalikuwa na kashata nzuri bado, nikafikiri tumeokoa fedha. Fundi akanionyesha namba nne ubavuni: 0814. Maana yake yaliundwa wiki ya 8 ya mwaka 2014. Mpira huzeeka hata ukiwa umekaa tu, na ubavuni ulikuwa umepasukapasuka kama kisigino cha kiangazi. Ukinunua tairi, soma namba hizo kabla hujatoa fedha.

KULIAMSHA

Usilipige stata gari lililolala miaka. Fundi wetu alimwaga petroli ya zamani, iliyokuwa inanuka kama vanishi, akasafisha tenki na kubadilisha filta. Akafungua plagi zote nne, akadondosha oili kidogo katika kila silinda, akaacha usiku kucha. Kesho yake aliizungusha injini kwa spana, kwa mkono, polepole, mpaka alipohakikisha haijakwama. Mkanda wa taimingi ulibadilishwa kabla ya injini kuwashwa, maana ni wa mpira na hakuna aliyejua umri wake. Mfumo wa maji ulioshwa mpaka maji ya kutu yakaisha, pampu ya maji iliyokuwa inavuja ikatolewa, na rejeta ikajazwa kuleti badala ya maji matupu ya bomba, ambayo huleta kutu.

Jumamosi ya tisa alifunga betri mpya, akawasha. Lilikohoa, likazima. Likakohoa tena, likashika. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama pale mlangoni akisikiliza.

HESABU YA MWISHO

Naiweka hapa wazi, kama nilivyomwahidi yule mama wa sokoni:

Ukaguzi: 20,000.
Breki zote pamoja na masta silinda: 215,000.
Matairi manne: 400,000.
Tairodi na bolijointi za usukani: 120,000.
Mkanda wa taimingi, pampu ya maji, kuleti, plagi, filta na oili: 160,000.
Betri: 130,000.
Ufundi na kuchomelea sakafu: 130,000.
Ujinga wangu wa pedi: 25,000.

Jumla ni shilingi 1,200,000. Haikubaki hata ya sabuni ya kulioshea. Ufundi ulikuwa wa bei ya chini kwa sababu fundi alikataa zaidi. "Mwalimu alinifundisha hesabu bila kunidai twisheni," alisema. Wewe usitegemee bei hiyo. Ulizia kwenu, uandike, uongeze kidogo kwa ajili ya lile usiloliona.

Bima hatukuwa nayo, na bila bima gari halitoki barabarani. Kaka yangu mkubwa, yule yule aliyemleta mnunuzi wa chuma chakavu, alikuja kulisikia likiunguruma. Alizunguka mara mbili, akabonyeza breki kwa muda mrefu, kisha akasema, "Bima ni juu yangu." Hakusema lingine, nami sikumuuliza.

Leo gari lina rangi tatu: nyeupe yake ya zamani, ya kijivu mlango mmoja, na mabaka mekundu ya rangi ya kuzuia kutu. Cherehani ya pili sijaipata. Nashona usiku kwa ile ile moja, na sitakuficha kwamba siku nyingine naitamani ile fedha. Lakini Mama hajaruka kliniki tena. Kila mwezi mume wangu humteremsha, na wakifika juu ya mteremko Mama humuuliza, "Baba, umeijaribu?" Naye huikanyaga, huingoja, ndipo wanashuka.

Kwa hiyo, msomaji, kama kuna gari chini ya mwembe wenu, kaeni wawili na daftari. Jiulizeni: Ni la nani kwa maandishi? Mifupa yake ni mizima? Ni nani hasa atakayepanda, na anakwenda wapi? Fedha yetu inaishia wapi? Mkishindwa kujibu hata moja, liacheni kwanza. Na mkiamua kulitengeneza, anzeni na yale ambayo wapita njia hawayaoni. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini anayepaka ufa rangi, ukuta humwangukia.

Hadi mwezi ujao, nawatakia safari njema, wenye gari na wanaotembea kwa miguu.