Kambi Ikifungwa, Binti Yu Salama?



Ifikapo Desemba, hasa katika miaka inayogawanyika kwa mbili, koo kadhaa za Wakurya wa Tarime na Serengeti huingia katika majira ya ukeketaji. Ndipo nyumba salama, kama zile za Masanga na Mugumu, hupokea mabinti wanaokimbia kisu. Kazi hiyo twaiheshimu. Lakini mradi wowote ukiishia kutaja idadi ya waliopokelewa, umeeleza kazi iliyofanyika tu. Badiliko lililopatikana haujalieleza.

Kila mradi una mnyororo wake. Fedha, walezi na chakula huwezesha kambi. Kambi humlinda binti kwa majuma machache. Mafunzo na usuluhishi huwageuza wazazi. Wazazi waliogeuka humpokea na kumrudisha shuleni akiwa mzima. Pete iliyo dhaifu ni ya wazazi: ikikatika, binti aliyeokolewa Desemba aweza kukeketwa kwa siri Machi, au kuvushwa mpaka kwenda Kenya. Basi pete hiyo ndiyo ipimwe kwanza.

Mpango wa tathmini uandikwe kabla kambi haijafunguliwa. Uonyeshe hali ya mwanzo, na utaje ni nani atakayemtembelea binti baada ya miezi mitatu, sita na kumi na miwili. Je, yuko shuleni? Mdogo wake je? Mwaka wa ukeketaji ulinganishwe na mwaka wa ukeketaji, wala si na mwaka wa mapumziko. Majina yatunzwe kwa siri, kwani orodha iliyoachwa wazi yaweza kumponza binti yule yule tunayemlinda.

Wala tusijifariji upesi kwa takwimu za mkoa. Tafiti za kitaifa zilionyesha kwamba waliokeketwa mkoani Mara walikuwa asilimia 32 mwaka 2015/16, na asilimia 28 mwaka 2022. Waliohesabiwa ni wanawake wa miaka 15 hadi 49, ambao wengi walikeketwa zamani. Mtoto wa miaka kumi hamo hamumo. Tena, sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa aliye chini ya miaka 18. Kwa hiyo wapo wanaoficha.

Viongozi wa walei, ninyi ndio majirani wa kaya hizo. Mletewapo taarifa ya mradi, ulizeni: mabinti wa mwaka juzi, wangapi wangali wazima leo? Jibu likiwa chungu, lisifichwe. Hilo ndilo litakalotuonyesha fedha za majira yajayo zielekezwe wapi.