Mzee ana dirisha lake hospitalini, lakini paa?

SAFU: TUSEMEZANE
Na Adelina Kokwijuka

Januari 2017 Rais John Magufuli alifika Bukoba kuwaona walioathiriwa na tetemeko, akawaambia bila kuzunguka: Serikali itarudisha shule, vituo vya afya na barabara, lakini haitamjengea mtu nyumba. Kila mmoja ajijengee. Miezi minne nyuma yake, Jumamosi ya Septemba 10, 2016, ardhi ilikuwa imetikisika kwa kipimo cha 5.9. Watu 17 walikufa, na kuta za matofali ya udongo zililala chini kutoka Missenyi hadi Hamugembe hapa mjini. Manung'uniko yalikuwa makubwa, na mpaka leo ukiyataja maneno yale kijiweni ubishi unaanza upya.

Mimi nasema Rais alikuwa na hoja kwa watu wengi. Mwenye duka, mwenye kahawa ya kuuza, mwenye kijana anayefanya kazi Mwanza, alijikongoja akainuka. Penye ufa alipaka saruji, palipoanguka alinyanyua tofali kadiri fedha zilivyopatikana. Kosa la kauli ile ni kwamba ilimweka fundi mwashi wa miaka 35 na bibi wa miaka 80 kwenye mstari mmoja, ikawaambia wote wawili washike mwiko. Kauli hiyo haijawahi kufutwa. Tetemeko lilipita, na kanuni ikabaki kwenye siku za kawaida: nyumba ni shauri la mwenyewe, hata kama mwenyewe haoni au hatembei, na hata kama alishawazika watoto wake wote.

Hiyo ya kuzika watoto si chumvi ya mwandishi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani kwetu mwaka 1983, na miaka iliyofuata ilikata kizazi cha katikati. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamkabidhi mzee kwanza kwa familia na jamii, na makao ya Serikali yanakuja mwisho kabisa, pale ambapo pengine pote pameshindikana. Ni maneno mazuri. Ila ilipoandikwa, Nshamba na Kamachumu tayari kulikuwa na kaya ambazo familia yenyewe ilikuwa bibi na wajukuu wanne, na mtunzaji alikuwa yeye huyo aliyepaswa kutunzwa.

Nshamba ndiko ninakopenda kuwapeleka watu wanaosema wazee hawasaidiki. Mwaka huohuo wa 2003 shirika la Kwa Wazee lilianza pale Muleba kuwapa wazee wanaolea yatima fedha taslimu kila mwezi: shilingi 6,000 kwa mzee na 3,000 kwa kila mtoto. Tathmini yake ilichapishwa mwaka 2008, na jina lake lilitaja chumvi, sabuni na viatu vya shule, kwa sababu ndivyo wazee walivyonunua. Hawakulewa kwa fedha ile, kama wengi walivyotabiri. Walikula mara nyingi zaidi, na watoto wakaenda shule wakiwa safi. Wakati huo Zanzibar haikuwa na pensheni ya wazee wote. Ilianza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa kila aliyefika miaka 70, na sasa ni 50,000. Ng'ambo ya Mutukula, Waganda waliotimiza miaka 80 wanapata shilingi 25,000 za kwao kwa mwezi. Wakenya wa miaka 70 wana malipo ya Inua Jamii. Sisi wa Bara tuna TASAF, ambayo inaiangalia kaya kwa umaskini wake, si mzee kwa uzee wake.

Lakini tazama kilichomo kwenye orodha ile ya Nshamba na kisichokuwamo. Chumvi, sabuni, viatu. Bati halimo. Fedha ndogo ya kila mwezi inalisha, inavalisha, inanunua daftari, haiezeki nyumba. Paa linataka fedha ya mkupuo, fundi, mbao, misumari, na mtu wa kusimama hapo chini kuhakikisha misumari yote imepigwa juu na haikuondoka na fundi. Bukoba hupata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka, miongoni mwa mvua kubwa kabisa nchini. Nyasi za kuezekea zimekuwa adimu tangu mbuga zilipolimwa, na bati lililotoboka kutu lina afadhali ndogo kuliko nyasi. Bibi anahamisha kitanda kutoka kona hii kwenda ile kufuata pakavu. Kwenye dirisha la hospitali tumeandika kwamba mzee apishwe kwanza, na akifika pale daktari anamtibu kifua kilichoumwa na nyumba. Anapewa dawa, anarudi kwenye nyumba ileile.

Kwa mwenye ulemavu mambo yana kona yake nyingine. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inadai majengo ya umma yafikike, na siku hizi ofisi mpya zinajengwa na njia ya mteremko, hata kama nyingine ni kali kiasi cha kumwangusha mtu mzima wa afya. Nyumbani je? Milima ya Muleba haikuumbwa kwa ajili ya kiti mwendo. Choo kiko nyuma ya migomba, chini ya mteremko, shimo lenye magogo mawili ya kuchuchumaa. Mtu asiye na miguu anakifikia kwa kutambaa, na mvua ikinyesha anatambaa kwenye tope. Tunamchangia kiti mwendo, tunapiga picha, tunaondoka. Kiti kinabaki sebuleni kikigeuka kabati la nguo kwa sababu mlango ni mwembamba.

Halafu kuna mlango wenyewe. Mei 2024, huko Kamachumu, mtoto mwenye ualbino aliyekuwa na miaka miwili na nusu alinyakuliwa nyumbani kwao, na baadaye akapatikana ameuawa. Mlango imara peke yake hauzuii unyama wa namna ile, najua. Ila kila mwenye ualbino anayelala nyuma ya mlango wa mabanzi uliofungwa kwa kamba anajua kitu ambacho sisi wenye makomeo hatukijui. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Mtu atauliza: si kuna asilimia kumi za mapato ya halmashauri? Zipo, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ni mkopo, hata kama hauna riba, na ni wa biashara. Cherehani, kuku, mashine ya kukoboa. Huwezi kumwambia diwani unakopa ili uezeke, na mzee mwanamume wa miaka 78 asiye na ulemavu wala ujana hana hata mlango wa kubisha humo. Wengine watasema tujenge makao mengi zaidi kama ya Kiilima hapa Bukoba. Kiilima ni msaada kwa asiye na pengine, na Serikali iyatunze vizuri. Lakini Mhaya mzee hataki kufia mbali na kibanja chake. Makaburi ya watu wake yako pale, kwenye migomba. Kumhamisha kwa sababu ya mabati ishirini ni gharama kubwa kwake, na kwa Serikali pia, maana kumlisha mtu makaoni kwa miaka ni ghali kuliko kumrekebishia paa mara moja. Uingereza, nchi tajiri, halmashauri zake humpa mwenye ulemavu ruzuku hadi pauni 30,000 kupanua milango na kuweka mteremko nyumbani kwake, kwa mantiki hiyohiyo.

Kuna jambo moja linalofanya hata watu wema wasite, na viongozi wetu hulisema kwa sauti ya chini. Ukimjengea bibi, ukoo unaichukua nyumba. Ni kweli hutokea. Mkoa huu una kesi inayofundishwa vyuo vya sheria, Ephrahim dhidi ya Pastory. Mama aliyeachiwa shamba la ukoo na baba yake kwa wosia aliona uzee unamjia na hana wa kumtunza, akaliuza mwaka 1988 kwa shilingi 300,000. Mwanaukoo akamshtaki, na Mahakama ya Mwanzo Muhutwe ikabatilisha mauzo kwa kuwa sheria ya kimila ilimkataza mwanamke kuuza. Mahakama ya Wilaya Bukoba ikamrudishia haki, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza akaithibitisha: mwanamke ana haki sawa na mwanamume. Watu huikumbuka kesi ile kama ushindi wa wanawake, nami nashangilia pamoja nao. Lakini isome tena. Ili ale uzeeni, mama yule alilazimika kuuza ardhi iliyokuwa chini ya miguu yake.

Hata hivyo, hofu ya ukoo kuichukua nyumba ina dawa ya karatasi. Kabla bati halijapigwa, mtendaji wa kijiji aandike, ukoo utie saini: huyu ataishi humu mpaka siku yake ya mwisho, na atakayemtoa atarudisha gharama kwa halmashauri. Mkutano wa kijiji utaje majina hadharani, kama unavyofanya kwa TASAF, maana hapo ndipo jirani anaposema fulani ana mtoto Dar es Salaam mwenye gari mbili. Vifaa vinunuliwe na halmashauri, fundi alipwe, nguvu za mikono zitoke kwenye msaragambo. Wala sisemi nyumba mpya yenye utepe wa kukata. Nasema bati, mlango wenye komeo, choo cha kukalia chenye cha kushikia, na njia isiyo na ngazi.

Halmashauri zinazohusika hapa ni tatu: Manispaa ya Bukoba, Wilaya ya Bukoba na Muleba. Kila mwaka Oktoba mosi zote hutoa hotuba za Siku ya Wazee, pamoja na sukari na vitenge. Waheshimiwa madiwani, rasimu ya bajeti ikiwekwa mezani kwenu, tafuteni fungu la mapato ya ndani lililoandikwa ukarabati wa nyumba za wazee na watu wenye ulemavu. Kama halimo, msiipitishe mpaka liwekwe, hata likianza na nyumba mbili kwa kila kata.