Kurasa za Umma na Bawabu Wake

Wako watu wasemao ya kuwa tovuti ya shule, au ya wizara, au ya chama cha ushirika, haina haja ya ulinzi mkubwa, kwa sababu haina kitu cha kuibwa. Wasema, benki na ilindwe, maana mna fedha. Lakini ukurasa wenye picha ya jengo, orodha ya karo na tarehe ya kufungua shule, nani atautamani? Hoja hii yasikika kama ya busara, nayo imewalaza usingizi wakubwa wengi. Nakuomba, msomaji, uipime pamoja nami kabla ya kuikubali, kwa kuwa huenda siku moja wewe ndiwe utakayekabidhiwa ufunguo wa tovuti kama hiyo.

Katika Januari 2012 tovuti 103 za serikali ya Kenya ziliharibiwa kwa shambulio moja la mdukuzi aliyejitambulisha kuwa ni wa Indonesia. Tarehe 17 Novemba 2025 kurasa za wizara kadhaa, ya Mambo ya Ndani na ya Afya zikiwamo, zilionyesha maneno ya wabaguzi wanaowatukuza Wazungu juu ya watu wengine wote. Tafakari jambo hilo: maneno ya kuidharau Afrika yasomwa chini ya jina la wizara za nchi ya Kiafrika. Ukurasa wa umma ni ulimi wa umma. Anayeubadilisha huenda asiibe hata senti moja, lakini amekitwaa kinywa cha mwingine na kusema kwacho.

Hata hivyo, mdukuzi mwenye majivuno simwogopi sana. Huyo hujitangaza mwenyewe, na kwa kujitangaza kwake hutuamsha. Wa kuogopwa ni yule aingiaye kimya, akabadilisha tarakimu moja, akatoka. Mathalan, mahali pa nambari ya kulipia karo aweka nambari yake. Picha ya jengo ingali pale pale, salamu za mwalimu mkuu zingali pale pale, wala hapana anayeshtuka. Mzazi auza mbuzi wake wawili, atuma fedha kwa simu, na mtoto arudishwa nyumbani kwa kutolipa. Je, utamwambia mzazi huyo ya kuwa tovuti ile haikuwa na kitu cha kuibwa?

Wala usidhani haya ni mambo ya kubuni. Mwaka 2018 shirika la ndege la British Airways lilitendewa hivyo. Wezi walitia mistari 22 tu katika programu ya kurasa zake. Wasafiri wakajaza nambari za kadi zao kama ilivyo desturi, wakapata tiketi zao, na nakala ya kadi hizo ikaenda kwa wezi. Hali hiyo ilidumu tangu tarehe 21 Agosti hadi tarehe 5 Septemba, na habari za watu zaidi ya 400,000 ziliguswa. Aliyeligutua shirika ni mtu wa nje! Mwaka 2020 mamlaka ya Uingereza ililitoza faini ya pauni milioni 20.

Sasa tuangalie ulinzi wenyewe. Ngome ya kawaida ya mtandao huangalia mgeni atoka wapi na agonga mlango upi. Lakini tovuti ni kama duka, mlango wake hauna budi kuwa wazi. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan wa Mombasa aliingia Ngome ya Yesu kwa lango, kama mgeni ajulikanaye, akamwua kapteni wa Wareno; zile kuta nene hazikumzuia, kwa sababu hakupita ukutani. Ndiyo maana ilibuniwa ngome ya namna nyingine, ngome ya programu za wavuti, ambayo mimi napenda kuiita bawabu. Huyu hasimami kuhesabu milango. Husimama langoni na kusoma kila ombi liletwalo kabla halijaifikia programu.

Fomu yauliza jina la mwanafunzi. Mgeni mwovu haandiki jina. Aandika amri ya kuiambia hifadhidata itoe orodha nzima, au ifute, au ibadili maneno. Programu iliyoandikwa kwa uzembe huitii amri hiyo kana kwamba imetoka kwa mwenyewe. Hila hii imeelezwa hadharani tangu 1998, kabla wewe hujazaliwa, na bado ingali inafanya kazi. Bawabu huyasoma maneno, huyalinganisha na kanuni zake, huyatambua kuwa ni amri wala si jina, na humrudisha mgeni. Wako mabawabu wengine wawekao nakala ya ukurasa uliokubaliwa, na ukurasa ukibadilishwa kwa hila, wasomaji huonyeshwa ile nakala safi.

Lakini bawabu hana akili ila ile aliyopewa. Alama moja itumiwayo na wavunjaji katika hila hiyo ni ile ya ritifaa. Basi kanuni zikiwekwa kali mno, Ng'ang'a na Nyong'o wataandika majina waliyopewa na wazazi wao na kurudishwa langoni kama wahalifu. Na hapo utaona msimamizi mvivu afanyavyo: hairekebishi kanuni moja, huzima zote, kisha hurudi mezani kwake akaendelea kujisifu kwamba tovuti yake ina ulinzi.

Huyu ndiye mpinzani wangu wa pili, naye namwona mbaya kuliko yule wa kwanza. Yule wa kwanza hana bawabu na ajua hana. Huyu amenunua bawabu ili apate kulala. Wale wezi wa 2018 walipata njia ya kwanza kwa maneno ya siri ya mfanyakazi wa kampuni nyingine iliyolihudumia shirika. Bawabu wa lango la mbele angewaona wapi? Aingiaye kwa ufunguo wa wizi huonekana ni mwenye nyumba. Kwa hiyo programu yenyewe na iandikwe vema, viraka vitiwe mara vitolewapo, na ufunguo wa aliyeacha kazi ubatilishwe siku ile ile aondokapo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Wengine huitegemea sheria. Kweli, sheria ya Kenya ya 2018 yamtisha mwenye kuingilia data za watu kwa faini isiyozidi shilingi milioni 10 au kifungo kisichozidi miaka 5, au vyote viwili. Lakini sheria hufika baada ya mwizi, na mwizi aliye ng'ambo ya bahari si rahisi kumkamata.

Yasemwa pia ya kuwa ulinzi ni ghali. Programu ya ModSecurity, mmoja wa mabawabu wa kale, ipo tangu 2002, na hutolewa bure kwa mtu yeyote. Kilicho ghali ni mtu. Bawabu huandika katika daftari la matukio kila mgeni aliyemrudisha, saa aliyokuja na alichokibeba. Atakiwa mtu wa kulisoma daftari hilo kila asubuhi, na kuulinganisha ukurasa wa leo na ule wa jana, tarakimu kwa tarakimu. Ukienda kwenye ofisi yenye tovuti, usiulize bawabu wao alinunuliwa kwa bei gani. Uliza jina la mtu huyo, na daftari alilisoma lini.